Amri ya Nane na Klachi ya Volkswagen

Tulipokuwa darasa la kipaimara, amri ya nane tuliikariri upesi upesi ili tufike kumi. Ya tano ilitutisha kwa sababu ya damu, ya sita kwa sababu ya aibu, ya saba kwa sababu ya polisi. Ya nane tuliidhania ni ya watu wazima wanaokwenda mahakamani kushika Biblia na kuapa. Martin Luther, alipoitolea maelezo katika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, hakuishia mahakamani. Alitutaka pia tumtetee jirani, na mambo yake tuyachukue kwa upande ulio mwema. Sehemu hiyo ya pili ndiyo ngumu. Kunyamaza ninaweza, lakini kumtetea mtu nisiyejua kama ana hatia, hapo huwa nasita.

Nimefundisha ufundi wa magari kwa miaka thelathini na moja, na sijui mahali ambapo amri hiyo huvunjwa kwa wepesi kuliko gereji. Mteja humshuku fundi kabla hata boneti haijafunguliwa. Mafundi nasi tuna sentensi yetu, na kila aliyewahi kumiliki gari ameisikia: "Nani alikufungia hii?" Husemwa kwa kutikisa kichwa na kushika kiuno. Kwa maneno hayo matatu, mtu asiyekuwepo anahukumiwa, na bei ya kazi inapanda.

Haya ninayoyaeleza yalitokea katika usharika wetu, huku mlimani juu ya Moshi. Marehemu mwinjilisti wetu aliacha Volkswagen ya mwaka 1969, ile yenye umbo la kobe, injini nyuma, ya sentimita za ujazo 1500, isiyotumia maji bali kupozwa kwa hewa. Magari ya namna ile yalitengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani, na la mwisho lilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003, lakini kwetu kulikuwa na moja tu, na lilijulikana. Marehemu alizunguka nalo mitaa mitatu kwa miaka mingi, kwenye mvua na kwenye vumbi. Alipofariki, watu walidhani mjane wake ataliuza. Badala yake alijifunza kuliendesha, akiwa na miaka hamsini na minane.

Halikuwa jambo la fahari. Shemeji yangu huyo, maana ndivyo tunavyoitana, ana kisukari, na kila mwezi huenda kliniki mjini. Kutoka kwake hadi kituo cha daladala ni mteremko mrefu wa mawe, na mwaka ule alikuwa na kidonda mguuni. Daktari alikuwa amemkataza kutembea umbali mrefu. Kwa hiyo gari lile ndilo lililokuwa mguu wake.

Likaanza kukwaruza gia. Kijana mmoja wa usharika, mwenye gereji ndogo chini ya mti wa mparachichi karibu na njia panda, aliitwa kuliangalia. Mtoto mkubwa wa mama alituma fedha kutoka Dar es Salaam, zikanunuliwa pleti ya klachi, presha pleti na beringi. Kijana akafunga. Gari likaenda vizuri kama wiki moja, kisha likarudia palepale, tena vibaya zaidi. Siku mama alipokwama katikati ya barabara, gia imegoma kuingia na magari yanampigia honi, mtoto wake alikuwa likizoni nyumbani. Alilipeleka gari kwenye gereji kubwa mjini. Fundi wa huko alikanyaga pedali mara mbili, akasikiliza, kisha akasema, pasipo kufungua hata nati moja, kwamba mama amefungiwa pleti ya zamani iliyopigwa msasa. Nani alikufungia hii?

Neno hilo lilipanda mlima haraka kuliko gari lenyewe. Kufikia Jumatano nililisikia dukani. Kufikia Ijumaa nililisikia kutoka kwa mtu asiyejua hata klachi ni nini. Yule kijana alilelewa na bibi yake, hana baba wa kumsimamia, na nadhani hilo lilirahisisha mambo. Watu wakakumbuka kwamba amenunua pikipiki. Kiongozi wa kwaya akamwambia apumzike kidogo mpaka mambo yatulie. Kwenye baraza la wazee, ambalo mimi ni mjumbe wake, ikapendekezwa aitwe Jumapili inayofuata baada ya ibada ya pili, aonywe, na arudishe fedha.

Niliomba siku hizo zilizobaki. Sikusema kwamba kijana hana hatia, maana sikujua. Nilikumbusha tu habari za Nikodemo katika Injili ya Yohana, sura ya saba, jinsi alivyowauliza wenzake kama torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza na kujua alichotenda. Walimjibu kwa kejeli. Mimi sikujibiwa kwa kejeli, namshukuru Mungu, ila mzee mmoja aliuliza kama sasa baraza linageuka gereji. Nikasema kwa siku moja, ndiyo.

Hapa naomba msomaji anivumilie nieleze klachi, kwa sababu hukumu yote ilisimama juu yake. Kwenye ncha ya injini kuna gurudumu zito la chuma, flaiwili. Pleti ya klachi hukaa kati ya flaiwili na presha pleti, imebanwa kwa nguvu ya springi, na kwa kubanwa huko nguvu ya injini hupita kwenda kwenye giaboksi. Ukikanyaga pedali, pleti huachiwa, injini inazunguka peke yake, nawe unabadili gia kwa amani. Klachi basi ina magonjwa makuu mawili. La kwanza ni kuteleza: pleti imekwisha, haishiki tena, injini inanguruma lakini gari halipandi. La pili ni kutoachia: unakanyaga mpaka chini, lakini pleti bado imeshikwa, na gia zinasaga meno.

Pleti kuukuu iliyopigwa msasa ingepaswa kuugua ugonjwa wa kwanza. Gari la mama lilikuwa na wa pili. Jumamosi asubuhi nililiendesha kutoka kwake hadi kwenye ule mparachichi, na pale kwenye mwinuko wa kanisa, ambapo magari mapya hulalamika, lilipanda kwa gia ya pili bila kuteleza hata kidogo. Tuhuma na dalili havikuwa vinafahamiana. Neno likisemwa na mtu mwenye gereji kubwa huwa hatulipimi. Tunaliokota na kulibeba.

Lakini kutofahamiana huko hakukutosha kumtoa mtu kifungoni. Pleti ya zamani inaweza pia kuwa imepinda, na iliyopinda haiachii vizuri. Presha pleti ya aina isiyo yake inaweza kuleta shida hiyo hiyo: kwenye Volkswagen za kabla ya miaka ya sabini ilikuwa na pete katikati, baadaye ikaja isiyo na pete, na muuza spea asiyejali atakupa yoyote. Niliyafikiri haya yote njiani.

Kijana alikuwa amekwisha fika. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, hakuniangalia usoni. Nilimwitikia, kisha nikamwambia ukweli: kwamba sikuja kumtetea kwa sababu anaimba kwaya, na kwamba nitakachokikuta ndicho nitakachokisema, kiwe kizuri au kibaya. Alinyamaza kidogo. Mama alikuwepo, ameketi kwenye kigoda, mguu ameuweka juu ya kingine. Mtoto wake alisimama mbali, mikono mfukoni. Mzee yule aliyeuliza habari za gereji naye alikuja, na nilifurahi kumwona kuliko alivyojua. Tuliomba. Ombi langu la ndani lilikuwa kwamba Mungu anizuie nisiupende ule ukweli mmoja kuliko mwingine kabla sijauona.

Tulianza na vitu rahisi, maana ndipo mafundi wengi wanapoparuka. Kwenye gari hili klachi haitumii mafuta ya breki, hutumia kebo. Kebo hiyo, yenye urefu wa zaidi ya mita mbili, hutoka kwenye pedali, hupita ndani ya bomba jembamba lililofichwa katika ule mgongo wa bati unaopita katikati ya sakafu, hutokea nyuma, huingia kwenye kipande cha bomba linalopindika, na mwisho hushikwa na nati yenye masikio mawili kwenye mkono wa klachi kando ya giaboksi. Pedali inatakiwa kucheza milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kufanya kazi. Ya mama ilicheza zaidi ya 50. Nati ya masikio ilikuwa imekazwa karibu mpaka mwisho wa uzi wake.

"Nani aliikaza hivi?" nikauliza, kisha nikajisikia nilivyosema, nikacheka. Kijana alisema aliikaza yeye mara tatu, kwa sababu kila baada ya siku chache ilikuwa imelegea. Kebo mpya hulegea kidogo mwanzoni. Hii ilikuwa ya zamani, na kebo ya zamani haiendelei kurefuka kila wiki. Tuliweka mchezo wa milimita 15, nikamwambia akanyage pedali mara kumi. Tukapima tena: ishirini na tano. Na katika ukimya wa pale, kila alipokanyaga, tulisikia mlio chini ya sakafu, kama mlango wa banda la ng'ombe.

Nikalala chali chini ya gari upande wa nyuma, nikiwa na tochi. Mahali ambapo lile bomba jembamba linatokea kwenye bati panapaswa kuwa kimya kama kaburi. Bomba lile limechomelewa ndani kiwandani na halina sababu ya kusogea maisha yote ya gari. "Kanyaga," nikasema. Ncha ya bomba ikaingia ndani, kama kichwa cha kobe. "Achia." Ikatoka. Nilimwita mtoto wa mama alale pale nilipokuwa nimelala. Alisitasita kwa sababu ya shati lake, kisha akalala. Nikasema "kanyaga" tena, naye akaona mwenyewe.

Mchomeleo wa bomba ulikuwa umekatika mahali fulani ndani ya mgongo wa gari. Mguu wa mama ulikuwa unavuta kebo, lakini sehemu ya mvuto ule ilipotelea katika kulisogeza bomba badala ya kuiachia klachi. Pengine ulianza na ufa, ndiyo maana kukaza nati kulisaidia kwa wiki moja, kisha ukaachia kabisa. Pleti iwe mpya au ya zamani, gari lingesaga gia vilevile.

Gari basi lilikuwa limepata jibu lake. Kijana hakuwa amepata la kwake. Mzee mwenzangu alijikung'uta suruali akasema sasa tumshukuru Mungu twende nyumbani. Mtoto wa mama akasema, kwa sauti ya chini lakini tulisikia, kwamba bomba ni bomba na pleti ni pleti. Alikuwa sawa. Bomba lililokatika halikuthibitisha chochote kuhusu fedha zake. Ningeweza kuliacha jambo pale, na kwa amani ya siku ile pengine ingekuwa rahisi. Lakini nilijua maneno yatakayofuata: walifunika, Mwalimu alimfichia.

Nilimwangalia kijana. Kuishusha injini ilikuwa ni kuweka jina lake mezani. Kama pleti ni ya zamani, ameumbuka mbele ya mama aliyempikia chai utotoni. Akasema, "Fungua, Mwalimu." Halafu akachukua spana mwenyewe.

Injini ile hushikwa na giaboksi kwa bolti nne tu za spana namba 17, na ukishatenganisha mpira wa petroli, nyaya na kebo ya mafuta, inashuka juu ya jeki. Ni nzito, yapata kilo mia na zaidi kidogo, na lazima irudi nyuma ikiwa imenyooka mpaka shafti ya giaboksi itoke katikati ya pleti. Tuliivuta wanne, mtoto wa mama akiwa mmoja wetu. Hakuna aliyezungumza. Presha pleti ilionekana kwanza, na pete yake katikati, ndiyo ya aina inayotakiwa. Tukafungua bolti zake sita kidogo kidogo kwa kuzunguka, ili isipinde, na pleti ikaangukia mkononi mwangu.

Ilikuwa mpya. Sisemi ilionekana mpya, ilikuwa mpya. Ribiti zake zilikuwa zimezama chini kabisa, mifereji ya usoni haijalika, namba za kiwanda zilisomeka kwa rangi nyeupe. Hapakuwa na tone la oili. Nilimpa mtoto wa mama aishike. Kisha nikaingiza kidole kwenye ile nati kubwa ya katikati ya flaiwili, ambamo kuna beringi ndogo ya sindano ambayo mafundi wengi huisahau kwa sababu haionekani na mteja hailipii. Ilikuwa imesafishwa na kutiwa grisi safi. Hakuna aliyemwagiza kijana kufanya hivyo. Nilimwonyesha mzee mwenzangu kidole changu chenye grisi. Nadhani hakuelewa kwa nini macho yangu yalikuwa yamelowa, na sikumweleza.

Kazi ya bomba ilituchukua mpaka usiku, na kabla ya giza niliwafukuza watoto wote waliokuja kutazama. Ndani ya mgongo ule wa gari, pamoja na kebo, hupita pia bomba la petroli kutoka kwenye tangi la mbele. Mtu anayechomelea pale bila kufikiri anaweza kuichoma nyumba ya jirani. Tulitoa betri chini ya kiti cha nyuma, tukalitoa tangi na kulipeleka mbali, tukalipuliza bomba la petroli mpaka likauke, tukalijaza maji na kuliziba pande zote mbili. Mahali pa kukata tulipatafuta kwa kuweka bisibisi ndefu kwenye bati na mpini wake sikioni, mtu akilisukuma bomba kwa mkono kule nyuma. Palikuwa nyuma kidogo ya mkono wa gia. Hatukutumia grainda kwa sababu ya cheche. Tulitoboa matundu kwa drili na kuyaunganisha kwa msumeno wa chuma, dirisha dogo la kuingiza vidole vitatu. Ndani tuliukuta mchomeleo umeachia, kovu lake limeshika kutu ya miaka. Kijana ndiye aliyechomelea, mimi nikishika gunia lililolowa maji. Dirisha tulilifunika kwa kipande cha bati na skurubu nne, ili atakayekuja baadaye asilazimike kukata.

Injini tuliirudisha. Kile kipande kinachopindika tulikiwekea washa mpaka kikawa na mzingo wa milimita 30 hivi, maana kikinyooka sana klachi hutetema. Mchezo wa pedali, 15. Mara kumi, 15. Mara hamsini, 15. Mama mwenyewe aliingia, akakanyaga, akasubiri kidogo, akaingiza rivasi, ambayo ndiyo gia isiyojua kudanganya. Haikutoa sauti. "Ee Bwana," akasema, hakuongeza neno.

Jumapili kwenye baraza mtoto wa mama alisimama akasema pleti ni mpya na ameishika. Hakuomba radhi. Mchungaji aliuliza, neno lililosemwa njiani na dukani litarudishwaje? Hapo tulibishana sana kuliko tulivyobishana siku ya kumshtaki. Wengine walisema kutangaza kutaudhalilisha usharika, watu watasahau wenyewe. Nilisema aliyechafuliwa hadharani hasafishwi chumbani. Mwishowe, baada ya matangazo ya ndoa, mchungaji alisoma sentensi moja tu, kwamba kazi ya fundi wetu imekaguliwa na imeonekana ni ya uaminifu. Kijana hakuwepo kuisikia. Bibi yake alikuwepo, benchi la tatu, na alisimama ingawa hakuna aliyesema watu wasimame.

Kwenye kwaya alirudi baada ya Pasaka. Wateja wawili waliomkimbia hawajarudi, na mmoja wao hukutana nami kila Jumapili tukasalimiana vizuri tu. Fundi wa gereji kubwa sidhani kama anajua lolote, kwake ilikuwa sentensi ya asubuhi moja.

Kidonda cha mama kimefunga. Siku za kliniki husimama kwanza pale kwenye mparachichi, kijana analala chini na kugusa nati ya masikio, kisha anampungia mkono aende. Siku hizi honi nayo inakwama. Amesema ataiangalia Jumamosi.